Kuhesabu Hadi Saba

Asubuhi moja Protais alibisha hodi kwangu, akasimama kizingitini bila kuingia, akaniuliza kwa nini cherehani yangu hunyamaza kila yeye anapoanza kusema.

"Mama Belyse, mi nimeangalia hii mambo wiki mbili," alisema. "Nikiongea, machine inasimama. Nikinyamaza, inaanza tena. Juu ya nini?"

Nilimwambia uzi hukatika. Akaitazama cherehani, akanitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu kama karani aliyeletewa karatasi isiyo na muhuri. Niliudhika. Niliudhika zaidi kwa sababu alikuwa amesema kweli. Hapa Nengo, ng'ambo ya mpaka ukitoka Goma, tunagawana ukuta mmoja, ukuta wenyewe ni mwembamba, na mimi ni mtu wa kusikiliza. Mshonaji anayekaa peke yake kutwa nzima atafanya nini kingine? Jina langu ni Nyirasafari, nililelewa Karagwe upande wa Tanzania, na majirani hunicheka eti Kiswahili changu kimepigwa pasi. Basi na wacheke. Masikio yangu hayana kasoro.

Huyo Protais ana miaka thelathini na tisa. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa karani wa mizigo mpakani, yule anayewajazia wafanyabiashara fomu za forodha. Kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Ukishinda miaka yote hiyo ukiambiwa ndani ya gunia mna vitunguu tu, mwisho huamini hata kitunguu. Ofisi ilipofungwa alinunua kompyuta, akajifungia chumbani, akawa mchezaji wa poka mtandaoni. Ni mchezo wa karata ambao kila mtu hupewa mbili za siri, tano huwekwa hadharani, halafu watu wanatishana kwa dau mpaka mmoja ashindwe au karata zifunuliwe.

Usidhani alikuwa mpuuzi. Siku moja nilipokuwa nampima suruali alinieleza anavyofanya kazi, na nilikiri moyoni kwamba mtu huyu ana akili. Huanza saa tatu asubuhi, kwa sababu saa hiyo kule Amerika watu wamekesha, wengine wamelewa, wengine wanataka kurudisha walichopoteza.

"Mi nimeamuka, nimeoga, nimekunywa chai," alisema. "Bo bako na usingizi. Donc tayari niko mbele."

Akigawiwa karata mara kumi, mara nane anazitupa bila kinyongo. Hupenda awe wa mwisho kusema, maana wa mwisho amekwisha kuwasikia wengine wote. Na jambo kubwa kuliko yote, hutazama muda. Mtu anayeongeza dau haraka sana anaficha woga. Anayekawia na kisha akaongeza, huyo mara nyingi ana kitu. Yote hayo aliyaandika kwenye daftari la buluu la shule, lenye miraba, kila mchezaji na ukurasa wake. Na ili yeye mwenyewe asisomwe alijiwekea sheria: awe na karata nzuri au mbovu, kabla ya kuongeza dau anahesabu mpaka saba. Kwa sauti.

"Mutu anaweza ficha uso," alisema, "lakini saa hawezi ficha."

Nami kila asubuhi nilimsikia akihesabu. Mara "moja, mbili, tatu", mara "rimwe, kabiri, gatatu". Sikutilia maanani. Mji mzima huu tunachanganya hivyo. Mtu huanza sentensi kwa Kinyarwanda na kuimalizia kwa Kiswahili cha Goma, na hakuna anayeshtuka.

Mkewe anaitwa Umurerwa. Alizaliwa na kukulia Goma, na kila asubuhi huvuka kizuizi kidogo cha mpaka, barrière kama wanavyokiita, akiwa na kabichi na karoti za Bugeshi, alasiri amerudi. Ni mwanamke wa kucheka. Aliwahi kunisimulia jinsi walivyopatana: Protais alimtania pale mpakani miezi minane kwa Kiswahili, kila siku maneno mapya ya kumsifu, na yeye hakuamini hata moja. Halafu siku moja alimwita pembeni akamwambia kwa Kinyarwanda, "Ndashaka ko tubana." Nataka tuishi pamoja. "Siku ile nilijua hacheki," alisema Umurerwa. Nilikuwa nakunja kitambaa, nikakubali kwa kichwa, nikasahau.

Taabu ilianza mwezi wa pili, alipotokea mchezaji anayejiita Sambaza22, mwenye bendera ya Kongo kando ya jina. Sambaza ni wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa hiyo huyo mtu hakuwa wa mbali. Protais akipata ree mbili, zile anazoziita as, na kuongeza dau, Sambaza anatupa karata. Protais akiwa hana kitu na kutishia, Sambaza anafuata mpaka mwisho na kuzoa. Wiki nzima ikawa hivyo, na wiki ya pili.

"Anaona karata yangu," nilimsikia akisema peke yake. "Iko mutu anamuonesha."

Basi akaanza kumtafuta huyo mtu. Kwanza ilikuwa mimi na cherehani yangu. Siku ile ya mlangoni nilimwambia aingie aone kama nina tundu ukutani, na kweli aliingia, akapapasa ukuta wote kwa kiganja, hata nyuma ya kabati. Sikumsemesha siku tatu. Kisha akamkumbuka Gwiza, binamu wa mkewe, ambaye hutengeneza simu na kompyuta Goma. Kompyuta ya Protais ilikuwa imelala kwa Gwiza siku mbili baada ya Mwaka Mpya. Na aliyeipeleka alikuwa nani? Aliyeirudisha je? Umurerwa.

Tangu hapo nyumba ile ilibadilika. Nilimsikia akimuuliza mkewe amepitia wapi, amekutana na nani, kwa nini kabichi ziliisha mapema leo. Maswali yalikuwa ya upole, na upole wenyewe ndio ulionitia wasiwasi. Kisha kimya kidogo, kisha jibu. Sasa najua kwamba katika ule ukimya alikuwa akipima sekunde.

Akamtegea mtego. Jumatano alimwambia kwamba kesho hatacheza, atakwenda Nyundo kwenye misa ya kumwombea rafiki wa zamani wa ofisini. Umurerwa akampigia pasi shati, akaondoka na kabichi zake. Protais akafunga mlango kwa ndani akafungua kompyuta. Sambaza22 alikuwepo, amekaa, anasubiri kama kawaida. Mtu mwingine angesema: kumbe mke wangu hana hatia, kwa maana yeye anadhani niko Nyundo. Protais aliandika hivi, nami niliyaona maandishi kwa macho yangu baadaye: "Alikuwepo. Maana yake walijua kuwa nimedanganya."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Protais alichukua jembe akaenda kuzibua mifereji. Umurerwa alibaki, akatoa godoro alianike juani, na chini ya godoro akakuta daftari la buluu. Alikuja nalo mpaka mlangoni kwangu, akaketi kwenye ngazi, akalifungua na kunisomea. Ukurasa ulikuwa na jina lake juu, limepigiwa mstari.

"Jumatatu. Nimemuuliza amechelewa wapi. Sekunde tatu. Amesema 'bon' kwanza, ndipo akajibu. Jumatano. Sekunde tano. Akicheka kabla ya kujibu, anaficha. Gwiza ametajwa mara mbili. Ijumaa. Amepika samaki bila sababu."

Akaweka kidole kwenye mstari huo.

"Bila sababu," alisema. "Ilikuwa siku ya ndoa yetu. Miaka sita."

Protais aliporudi, jembe begani na matope magotini, alitukuta tumekaa hivyo. Aliliona daftari. Nilitegemea angeona haya. Yeye alimtazama mkewe usoni kwa makini, na nilijua anahesabu.

"Weka jembe," Umurerwa alimwambia. "Keti. Leta simu yako, Mama Belyse ataangalia saa."

"Ya nini?"

"Keti tu. We, hesabu vile unahesabaka ukiwa na karata ya muzuri. Ile ya as mbili."

Alikataa, kisha akaona kwamba kukataa kutamfanya aonekane ana jambo. Akafumba macho. "Rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu, gatandatu, karindwi." Alihesabu taratibu, kwa utulivu, kama mtu anayesali. Nikasoma saa: sekunde saba.

"Sasa hesabu vile unahesabaka ukiwa unadanganya."

"Moja mbili tatu nne tano sita saba."

Sekunde nne. Niliangalia mara mbili.

"Uliona?" Umurerwa hakupaza sauti. "Ile mutu wa Sambaza hana haja ya kuona karata yako. Anaangalia saa tu, sawa na we. Ukidanganya, unahesabu mu Kiswahili, mbio mbio, kama uko unauza kitu kwa barrière. Ukiwa na kitu ya kweli, unarudi mu Kinyarwanda. Mi najua hivyo tangu mbele ya ndoa. Hata Mama Belyse anasikiaga. Si ni kweli?"

Nilisema ni kweli. Ilinichoma, kwa sababu miezi yote hiyo nilikuwa na dawa yake sikioni na sikujua kuwa ni dawa.

Protais alitoa macho. Kisha akacheka. Alijipiga paja, akasimama, akaketi, akalivuta daftari kutoka mapajani mwa mkewe, akatafuta kalamu mfukoni na kuanza kuandika. "Saba kutoa nne, sekunde tatu," alisema. "Sekunde tatu tu, mama weee." Alikuwa na furaha kama mtu aliyeona paa linapovuja, na jinsi alivyofurahi ndivyo nilivyozidi kumchukia, maana alikuwa anaandika mgongoni mwa ule ukurasa wenye jina la mkewe.

"Na mi?" Umurerwa aliuliza.

"Na we nini?"

"Page yangu. Iko unaandika nyuma yake."

Hapo akasimamisha kalamu. Naamini aliona, kwa dakika hiyo moja aliona. Akaweka mkono kifuani, akatabasamu lile tabasamu lake zuri la mpakani.

"Aah, chérie. Ile ilikuwa kazi tu. Mi nakuamini. Nakuamini sana."

Simu yake bado ilikuwa mkononi mwangu na saa ilikuwa inakwenda. Umurerwa alikuwa anamtazama, anangoja, na mimi nilijua anangoja nini. Lilikuwa neno moja tu, lile lile nakuamini kwa Kinyarwanda, ndakwizera, wala halina ugumu, hata mtoto hulitamka. Nilimwomba Mungu amkumbushe. Sekunde zilipita saba, kumi, kumi na tano. Protais aliendelea kutabasamu, kisha jicho lake likateremka kwenye daftari.

Umurerwa alisimama akapangusa sketi yake. Alimwambia aliingize godoro kabla ya mvua, akaenda kumenya viazi. Siku hiyo hawakugombana, wala Jumapili. Jumatatu alivuka na kabichi kama siku zote, pamoja na mfuko wa nguo, na alasiri hakurudi. Yuko Birere, ng'ambo tu hapo, kwa shangazi yake Kaltumu. Ukitembea kwa miguu, hata viatu havipati joto.

Wiki hii ni ya tatu. Protais amekonda. Juzi alikuja kuchukua suruali yake, akakaa kidogo, akaniuliza bila kunitazama kama Umurerwa amenipigia simu. Hasira yangu yote iliisha, nilimwonea huruma. Nikamwambia aache karata siku moja, avuke, asimame mlangoni kwa Kaltumu, aseme ndakwizera. Asiongeze kitu kingine.

Alinitazama. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, na nilijua ni hesabu.

"Ni yeye amekutuma useme hivyo?" aliuliza.

Nilimpa suruali yake.

Asubuhi, saa tatu, namsikia tena nyuma ya ukuta. Moja mbili tatu nne tano sita saba. Karata nzuri au mbovu, zote sasa anazihesabu kwa Kiswahili, sekunde nne, hazizidi wala hazipungui. Nilimsikia akijisemea kwamba Sambaza22 amehamia meza nyingine. Cherehani yangu siku hizi haisimami.