Nilimwambia mama mkwe kitanda kimechomelewa

Admin, naomba usitaje jina langu. Mke wangu naye anafuatilia ukurasa huu, na akikutana na haya huenda akanijua kabla hajafika katikati. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, fundi wa madirisha ya alumini hapa Arusha, nina mke na watoto wawili. Ni mtu wa kujisifia kazi ya mikono yangu, sikatai, na balaa lilianzia hapo.

Nina pikapu ya kabini moja. Kazi zangu nyingi ziko mbali, Longido, Karatu, na nilichoka kulala chini kwenye nyumba za watu ambazo hata milango hazijawekwa. Nikaamua kujitengenezea chumba cha kulala nyuma ya gari. Fremu ya chuma, kuta za alumini, ndani plaiwudi iliyopigwa vanishi. Safari ya kwanza boksi lote lilitembea kwenye makorongo hadi nikasimama njiani kulisukuma, basi niliporudi nikatandika mpira chini yake na kulikaza kwa bolti kila kona. Wezi waliponiibia betri ya sola pale Sokon One, niling'oa siti ya abiria nikaweka betri mpya na tenki la maji mle mbele, karibu na macho yangu. Mke wangu akashona mapazia, tukaenda kulala humo siku mbili kama watu waliooana jana. Ukoo mzima ulisikia, na mama mkwe pia.

Mama mkwe ni mjane, alikuwa anaishi peke yake huko juu mlimani, Meru. Ni mama wa zamani. Tangu nioe binti yake hajawahi kukanyaga chumba tunacholala. Akija kwangu mwisho wake ni sebuleni. Namwamkia shikamoo mama, anaitikia marahaba baba, kila mtu anakaa upande wake. Tuliheshimiana hivyo na mimi nilipenda.

Asubuhi moja ya masika jirani yake akanipigia simu kwamba mama ameamka na kichwa kinamgonga, mkono umekufa ganzi. Mke wangu alikuwa kazini, mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikawahi. Nilimkuta amekaa barazani, anaongea vizuri tu, ila mdomo ulikuwa umepinda kidogo. Mbele hakuna siti, kwa hiyo nikafungua mlango wa nyuma apande alale. Akachungulia. Akaona kitanda kimejaza nafasi yote, shuka zetu, yale mapazia ya binti yake, akarudi nyuma.

Akasema taratibu, "Baba, mimi siwezi kulala kitandani kwenu. Kitoe, nitakaa chini."

Nikamjibu, "Mama, kimechomelewa. Hakitoki."

Ndugu zangu, haikuwa kweli. Kitanda kile kinashikwa na nati nane, na spana ilikuwa kwenye boksi la vifaa, ni kazi ya robo saa. Lakini siku mbili nyuma nilikuwa nimegandisha mbao mpya za plaiwudi pembeni yake kwa gundi. Kukitoa ilikuwa ni kuzipasua, na kesho yake watu wa utalii walikuwa waje kuliangalia gari ili walikodi. Nikajiambia ni kizunguzungu tu, presha imepanda, atasubiri kidogo. Niliionea huruma plaiwudi.

Na mama alijua nadanganya. Kwenye mavuno yaliyopita nilikitoa kitanda hicho hicho mbele ya macho yake ili nibebe viazi vyake kupeleka sokoni Kwa Mrombo. Hakunibishia. Mama kama yule habishani na mkwe wake. Alisema tu, "Haya baba, katafute gari," akajifunga kanga yake vizuri akakaa tena.

Mvua ilikuwa imeharibu njia. Hadi nipate mwenye gari wa kukubali kupanda kule, saa mbili zilishapita. Niliporudi naye mama alikuwa ameanguka ubavu, anatoa sauti tu. Hospitali daktari akauliza dalili zimeanza saa ngapi. Nilipomwambia, akasema kiharusi hakisubiri, tungemleta mapema huenda hali ingekuwa tofauti.

Sasa ni mwezi wa tatu yupo kwangu. Upande wa kulia haufanyi kazi. Tumemwekea kitanda sebuleni, mimi ndiye nimekitengeneza, na kila mgeni anakisifia. Mke wangu huwasimulia wageni kwamba mama alikataa kupanda gari kwa mambo ya mila, na mume wangu angefanya nini wakati kitanda kimechomelewa? Naye nilimdanganya hivyo hivyo, siku ile ya viazi hakuwepo. Wageni wananipa pole. Kina mama wa jumuiya waliniombea, eti wakwe kama mimi ni wachache. Kila asubuhi mke wangu akimlisha uji anamwambia kwa uchungu, mama, heshima gani hiyo ya kukupotezea mguu, si ungepanda tu? Mama anatokwa na machozi, mimi natoka nje nakagua matairi yasiyo na shida yoyote.

Wiki hii ameanza kutamka maneno mawili matatu. Tulifurahi, lakini mimi nilikosa usingizi, nikijua siku yangu imefika. Jana mke wangu aliporudia maneno yake ya kila siku, mama alihangaika sana na ulimi, mate yakamtoka, mwisho akatamka, "Nisamehe." Alikuwa anamwambia binti yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na hakunitazama hata mara moja.

Mke wangu namjua, nikimwambia ukweli anaweza kuondoka na watoto na mama yake, na sitakuwa na neno la kumzuia. Nikinyamaza, mama huyu ataendelea kuomba msamaha kwa kosa langu ndani ya nyumba yangu. Nishaurini ndugu zangu, hata kwa matusi nitasoma. Naanzaje kumwambia?