Mreteni Uliolazwa Ndani

Hivi wewe umewahi kugombana na mama yako mzazi kwa sababu ya mti? Si shamba la miti, wala mwembe wa urithi. Mti mmoja, mfupi kuliko chupa ya chai, uliopandwa kwenye bakuli.

Mniko aligombana na wake. Alikuwa kijana wa Makoko, Musoma, mwenye shahada ya ualimu, anayejitolea kufundisha katika sekondari moja ya Bunda, na damu ilimchemka kila alipoona lori la mkaa. Vijana aliosoma nao walikwenda Buhemba kusaka dhahabu. Yeye alirudi kutoka Arusha na mreteni mchanga, ndugu wa ile miti inayopambwa Krismasi. Angeutunza kwa njia ya bonsai, kuupogoa na kuukunja kwa waya, ubaki mdogo hata ukizeeka. Ukishatulia angeupeleka darasani, wanafunzi waone kwamba mti ni kiumbe cha kuishi naye, si kuni zinazosubiri shoka. Alikuwa ameshawaahidi, nao kila Jumatatu walimuuliza uko wapi.

"Mwalimu, huo mti umekukosea nini?" aliuliza Eliud, jirani muuza dagaa, alipouona umezungushiwa waya. "Umeufunga kama mwizi wa ng'ombe!"

"Ni sanaa, Eliud."

"Sanaa! Wenzako wanapanda miti ikue, wewe unauzuia. Mungu akikupa mtoto, tutakuwa tunakuja kumpima urefu."

Mniko hakujali kucheka kwake. Kilichomtesa ni mti wenyewe. Jumatatu aliuacha juu ya ukuta wa uani akaenda Bunda. Ijumaa aliukuta ukutani palepale, lakini umepauka kidogo, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Akapunguza maji. Ukapauka zaidi. Akabadilisha udongo, akachanganya na kokoto ndogo. Akaulaumu upepo wa ziwani, akailaumu mikono yake, akasoma kwenye simu mpaka macho yakamuuma. Ncha za majani zikaanza kuvunjika vidoleni mwake.

Kisha kukawa na wiki ambayo shule ilifungwa mapema, akafika nyumbani Alhamisi mchana bila kutarajiwa. Ukutani hapakuwa na mti. Aliukuta chumbani kwa mama yake, Jenoveva, nyuma ya pipa la maji, kando ya kikapu cha vifaranga. Ulikuwa umefunikwa khanga, na udongo wake umelowa chepechepe.

"Mama! Nani ameuleta huku?"

"Mimi. Kwani humu anaishi nani mwingine?"

"Tangu lini?"

"Tangu uje nao. Ukiondoka nauingiza. Siku ya wewe kurudi nautoa, maana unapendaga kuukuta ukutani."

"Mama, huu unataka jua! Jua na upepo, ukae nje usiku na mchana! Ndani unakufa!"

"Usinipigie kelele, baba. Kitu kichanga hakilali nje. Kwetu Butiama ndama walikuwaga wanalala ndani na sisi, tunawafunika kabisa."

"Huu si ndama! Nimesoma mambo haya, mama!"

"Na wewe ulizaliwa miezi saba," alisema Jenoveva. "Nilikuweka wapi? Ukutani?"

Maneno hayo yalimzidishia Mniko hasira. "Umeniulia mti," akasema. "Umeniaibisha kwa wanafunzi wangu." Akaubeba pamoja na bakuli lake hadi nje, akaurudisha ukutani. Jenoveva aliikunja khanga yake taratibu. Jioni alimwekea ugali mezani na kuondoka bila kumkaribisha.

Kabla jua halijazama, Mniko alikwangua gome la kijitawi kwa ukucha. Mti ulio hai huwa na ubichi chini ya gome. Huu ulikuwa wa kahawia, mkavu. Akakwangua tawi jingine, kisha shina, akashuka hadi kwenye mizizi. Kahawia tupu, kama kijiti cha kuchokolea meno. Ndipo akakumbuka alichowahi kukisoma akakipita haraka: mreteni ukifa hubaki na kijani wiki kadhaa. Ijumaa zote zile alikuwa akipogoa maiti. Akatamani kulipiga bakuli ukutani. Alimkasirikia mama yake, akajikasirikia mwenyewe zaidi, akaingia kulala bila kumwambia mtu.

Asubuhi alishtuliwa na mlio wa panga. Alipotoka, aliuona mti umeshushwa, umewekwa katikati ya uwanja panapopiga jua. Jenoveva, khanga kiunoni, alikuwa amekata matawi ya miiba na kuyapanga kuuzunguka: boma kamili, kama la ndama, lenye mlango wake, kimo cha goti. Mbuzi wa Eliud alisogeza pua, akachomwa, akaruka nyuma. Jenoveva akacheka. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya damu.

"Umeona? Sasa kamti kako kalale nje hukohuko unakotaka wewe. Jua kapate, upepo kapate. Ila mbuzi wa watu asikale."

Akachukua kikombe, akainama, akatia maji kidogo, kisha akamtazama mwanawe.

"Yanatosha, mwalimu, au niongeze?"

Mniko aliyatazama maji yakizama kwenye udongo.

"Yanatosha, mama," akasema. Akaokota tawi la miiba lililobaki, akaufunga mlango wa boma.