Jumamosi Moja, Viwanja Viwili

Mpaka leo nikikutana na mwenye kiwanja cha mbio za magari simpi salamu. Anione jeuri, sawa, mimi mtu wa Tanga na hasira zangu nimezaliwa nazo.

Mwenzangu wa gereji pale mtaa wa Bertrams alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, fundi bodi, mpole mpaka anakera. Mwaka mzima, kila tukimaliza kazi za wateja, alihangaika na gari dogo bovu la Kijapani. Aling'oa viti, akachomelea mabomba ndani, likawa gari la mashindano. Si yale mashindano ya kwenye televisheni. Ni vile viwanja vya udongo nje ya jiji, magari yanazunguka duara fupi huku watu wakichoma nyama pembeni ya bakkie zao, yaani pikapu, na ukirudi nyumbani unatema vumbi jekundu.

Viwanja tulivyovijua sisi vilikuwa viwili, kimoja kusini, kingine magharibi, na siku zote vilipokezana Jumamosi. Wiki hii huku, wiki ijayo kule, madereva wale wale. Mwaka 2017 wenye viwanja hivyo wakakosana, wakanuniana kama wake wenza, kila mmoja akang'ang'ania Jumamosi ile ile. Waligombania nini, sijui.

Mwenzangu alikuwa na binti wa miaka tisa aliyeishi na mama yake Fordsburg. Mama akapata kazi Cape Town, na Jumapili walikuwa wanapanda basi kuhama. Mtoto aliomba kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: amwone baba yake akikimbiza gari. Basi mwenzangu akajiandikisha kiwanja cha kusini, mbio zake za kwanza. Wiki nzima hakula vizuri. "Ndugu, angalia tena breki." Nimeangalia jamani, breki zinashika!

Jumamosi tukaenda na bakkie yangu, mke wangu na binti nyuma, gari kwenye trela. Kufika, kiwanja kitupu nusu. Wengi wamekimbilia magharibi kwenye zawadi nono. Kundi letu, la injini ndogo, lilikuwa na magari matatu, na sheria ya pale ni kwamba chini ya sita hamkimbii. Mimi na mwenzangu tukasubiri upande wa magari. Binti na mke wangu walikaa ng'ambo kwenye tuta la nyasi. Makundi mengine yalikimbia, vumbi tupu, kutoka kule hutambui gari lipi ni la nani, na mke wangu kwa magari hajui hili wala lile.

Mwenzangu alikaa ndani ya gari, kofia ngumu kichwani, mikono kwenye usukani, mpaka msimamizi akaja kusema kundi letu limefutwa, turudi wiki ijayo.

Eish, nilichemka. "Wiki ijayo mtoto hayupo! Mpe mizunguko mitano, hata peke yake!" Akasema bima hairuhusu. Nikamtukana matusi ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Mwenzangu akavua kofia, akanishika bega. "Ndugu, acha. Tuende tumuchukue mutoto."

Binti akatukimbilia, uso mzima vumbi. Akauliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia tu, hakukisema: "Papa, ulikuwa wa mwisho? Sikukuona mbele."

Nikafungua mdomo nimweleze yote, wale wakubwa wawili na ugomvi wao wa kijinga. Mwenzangu akaniwahi.

"Ndiyo," akamjibu. "Wa mwisho kabisa."

Mtoto akacheka, akamkumbatia kiunoni, akamwambia siku nyingine atashinda. Roho iliniuma, sijui niseme vipi. Tulipokuwa tunafunga gari kwenye trela, wawili tu, nikamuuliza kwa nini amemdanganya mtoto wake. Alikaza kamba kwanza.

"Bon," akasema, "heri aende akijua papa yake alikimbia."