Ndoo ya Warumi Juu ya Paa

Nakumbuka Jumamosi moja guka, babu yangu, alipomwita Mama Atieno uani na kumwambia atafute nyumba kwingine. Guka ndiye aliyekuwa mwenye ploti yetu, vyumba vya kupangisha pale Dagoretti Corner. Mama Atieno alikuwa mpangaji wake, akikaanga samaki mlangoni na kuwauzia watu wanaotoka kazini. Wiki nzima ploti ilikuwa imenuka hadi watu wakaanika nguo ndani. Sisi wengine hatukuwa watu wa samaki, basi kila mtu alidhani inatoka kwake, na hakuna aliyejisumbua kutafuta chanzo.

Harufu ile, mwanangu, ilikuwa yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu, na historia ya Wagiriki na Warumi ilikuwa imeniingia kichwani kabisa. Kusoma peke yake hakukunitosha. Nilishajifunga shuka la mama kama mzee wa baraza la Roma, na kifuniko cha sufuria kubwa nikakigeuza ngao. Kisha mwalimu akatuambia Warumi waliloweka matumbo ya samaki kwenye chumvi, wakayaacha juani wiki nyingi hadi yakawa mchuzi, na chakula bila mchuzi huo hakikuwanogea. Nikataka nionje walichoonja wao. Matumbo nilipewa bure na Mama Atieno mwenyewe, akidhani ni ya paka. Nikayatia kwenye ndoo na chumvi, nikaificha juu ya paa nyuma ya tangi la maji. Sikumwambia mtu. Nilijiambia hawangeelewa, na hayo yalikuwa maringo tu.

Sasa nikawa nimesimama kwenye ngazi, nasikiliza.

"Guka, mimi napika samaki fresh kila siku," Mama Atieno alisema. "Hii kitu inanuka si yangu."

"Ni ya nani basi? Nani mwingine hapa anashika samaki?"

Mama Atieno aligeukia mlango wake. Watoto wake wawili walikuwa pale wakimtazama. Niliona aibu. Nikapanda, nikaishusha ndoo, nikaiweka mbele ya guka.

Alifunua, akafunika upesi. Akaniuliza ni nini, nikamweleza habari za Warumi, naye akanisikiliza hadi mwisho.

"Kusoma si makosa," akasema. "Hata hii ndoo si makosa. Lakini wiki nzima umemwacha huyu mama abebe harufu yako."

Kisha akamgeukia Mama Atieno, akamwomba msamaha mbele ya wapangaji wote. Sikuwa nimewahi kumwona guka akimwomba mtu msamaha.

"Na mimi nilidhani nalisha paka," Mama Atieno akasema. Watu wakacheka. Mimi nililia.

Ndoo tuliifukia nyuma ya ploti. Mchuzi wenyewe sijauonja hadi leo.

Nakuambia haya kwa sababu nasikia umejifungia chumbani ukiunda manati ya Warumi kwa mbao za kitanda. Unda, mwanangu. Mtu anayependa kitu hadi mikono inachafuka, mimi nampenda. Ila fungua mlango, waambie unaoishi nao unachofanya, hata kama watakucheka. Na jiwe lako likivunja dirisha la jirani, ufike kwake kabla hajamshika mtoto wa mwingine.

Mungu akupe mikono isiyochoka, na mdomo usiochelewa kama wangu.