Sindano ya Tatu

Mtaani walimwita Mashine kwa jinsi vidole vyake vilivyokwenda mbio kwenye nywele za watu. Alikuwa msusi kwa miaka ishirini na miwili, na chumba chake chenye vioo viwili kilikuwa ubavuni mwa kinu cha kusaga nafaka.

Jumatatu moja asubuhi, Mashine akihangaika na kufuli la mlango, mbwa asiyemjua alichomoka nyuma ya magunia akamng'ata mkono wa kulia, kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akatokomea. Hakuna aliyemwona tena.

Mashine hakupiga kelele. Aliuweka mkono chini ya bomba, akausugua kwa sabuni ya kuoshea nywele mpaka ukafa ganzi, ndipo akaenda zahanati.

Nesi hakushona kidonda. "Cha mbwa mara nyingi tunakiacha wazi," alisema. Alimchoma sindano ya pepopunda, nyingine ya kinga kuzunguka jeraha, na ya kwanza ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akampa na vidonge vya kuzuia usaha. Kwenye kadi akaandika tarehe tatu zilizobaki: Alhamisi, Jumatatu ijayo, na Jumatatu ya baada yake.

Alhamisi alikwenda bila kusukumwa. Lakini Jumatatu ilipofika, kidonda kilikuwa kikavu, na bibi harusi alishakaa kitini tangu saa mbili. Mashine akajisemea kwamba sindano mbili za chanjo zatosha. Maumivu yaliyokuwa yakimpwita kiganjani aliyafumbia macho.

Hapo akaingia wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mshonaji wa sare za shule. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa ile, wifi huyo hakuwahi kusifu hata chai.

"Wifi, umeshakwenda?"

"Kimekauka, wifi. Nina kazi ya watu hapa."

"Mbwa ameonekana?"

"Hajaonekana."

"Basi hujui alikuwa na nini. Vaa viatu." Akamgeukia bibi harusi. "Mwanangu, harusi lini?"

"Jumamosi."

"Basi nywele zako zinaweza kungoja. Huyu hawezi."

Bibi harusi akacheka, akajifunga kitambaa, akaondoka.

Zahanati, baada ya sindano ya tatu, nesi aliubonyeza mkono pole pole karibu na gumba. Mashine akaruka. "Juu kimefunga, chini kinatunga usaha," nesi akasema. Daktari akaitwa, akampiga ganzi, akakifungua kidonda na kukisafisha, kisha akambadilishia dawa. "Ungekaa nyumbani siku mbili zaidi, usaha ungefika kwenye mishipa ya kidole," alisema, bila ukali. Mashine aliangalia ukutani. Machozi yalimtoka; mkono mmoja ulikuwa kwa daktari, wa pili umeng'ang'ania ukingo wa kitanda. Wifi akamfuta kwa ncha ya khanga.

Wiki nzima wakawa wanakwenda pamoja kubadilisha bandeji. Siku ya nne, wakiwa kwenye benchi, Mashine akauliza, "Wifi, kazi zako unamwachia nani?"

"Zipo tu." Wifi akapapasa misuko yake. "Wasusi wote wa huu mji wananivuta kichwa mpaka napata homa. Wewe tu ndiye hujawahi kuniumiza."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ungevimba kichwa."

Bibi harusi alisukwa na msusi mwingine, akaolewa, na wala hakununa. Sindano ya nne ilichomwa kwa tarehe yake. Kisha yakaja mazoezi: kubana sifongo ndani ya maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, kazi iliyomchosha Mashine kuliko kusuka vichwa sita.

Baada ya miezi mitatu gumba lilirudi sawasawa. Kidole cha shahada kilibaki kizito, hakikunjiki mpaka mwisho. Akaacha kusuka nywele nyembamba, akamwajiri binti wa mwenye kinu azifanye, yeye mwenyewe akashika mabutu na misuko minene. Siku za baridi kidole humuuma. Hukivalisha soksi ya mtoto, akaendelea na kazi.