Maji ya Wageni

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo hata leo nikiitaja uso unaniwaka kwa aibu. Kwa kuwa nawe unafunga mizigo kwenda kuishi nchi ya watu, keti kwanza nikusimulie.

Mimi nililetwa Bonga, hapa Babati, na ndoa, nikitokea Kenya. Ilikuwa miaka ile ya shida: mpaka umefungwa, sabuni ni ya foleni, mafuta ya taa unasikia tu kwamba yalikuja jana. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Akiondoka, wiki tatu simwoni. Kwetu siendi, barua hazifiki. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa nazungumza na kuku.

Aliyenipokea ni jirani, Mama Paskali, mwanamke wa Kiiraqw aliyeshuka kutoka Mbulu. Alinionyesha kisima, akanifundisha kuwahi kabla ng'ombe hawajakivuruga, na kila Jumamosi akaniletea mzigo wa kuni.

Mama yangu alikuwa ameniasa nisinywe maji ya ugenini bila kuyachemsha. Nilimtii, na hapo sikukosea. Nilikosea kuweka vyombo viwili. Yaliyochemshwa na kuchujwa niliyaficha chumbani, mtungini. Ya kisima, vilevile yalivyo, yalikaa kwenye ndoo sebuleni, ya wageni. Nilijiambia wenyeji wameyazoea. Ujana haukosi sababu.

Siku hiyo Mama Paskali alipita akitoka shamba, akaomba maji. Nikamchotea ya ndoo. Nami nilikuwa na kiu, nikaingia chumbani kunywa yangu, penye mtungi na sufuria ya kuchemshia. Nilipogeuka, upepo ulikuwa umeinua pazia la mlango wa chumba, naye ananitazama, kikombe kimejaa mkononi.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "kumbe huwa unayachemsha. Kwa kuni zangu."

Akakiweka kikombe chini, akaenda zake.

Jumamosi kuni hazikuja. Shukrani ya punda ni mateke, na punda nilikuwa mimi. Nilikuwa na maji safi kuliko nyumba zote pale, na sina wa kunywa naye.

Mwishowe nikaenda kumwomba radhi. Akanikaribisha, akabandika sufuria, akayachemsha maji mbele yangu, akayachuja, akayaacha yapoe. "Kunywa, ni salama," akasema. Kisha akatoka uani kupepeta maharage yake, nikayanywa peke yangu. Alisema amenisamehe, nami namwamini. Ila kwangu hakuingia tena.

Basi mwanangu, huko uendako chemsha maji, usione haya. Tumbo halina uenyeji. Lakini unayokunywa wewe ndiyo umpe anayebisha hodi, hata kama kuni ni za shida. Afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na huko ndugu tutakuwa mbali sana. Nenda salama. Mungu akujalie maji mema, na mtu wa kunywa naye.