Kiti Changu cha Basi la Mombasa

Juzi binti yangu alirudi na barua ya shule: safari ya Mombasa, mzazi atie sahihi. Akauliza mbona nimeishika karatasi muda mrefu hivyo. Yeye sikumjibu. Wewe nitakuambia, kwa sababu tumejuana siku nyingi.

Nilikulia Nairobi, Kawangware, mtaa wa Kongo, kwa nyanya, katika ploti ya mabati yenye vyumba kumi na mfereji mmoja. Jumamosi mitungi iligongana pale mferejini, redio tatu zikipigana kelele, nami nikichambua maharagwe mlangoni. Chumba cha pili alikaa jirani, mama mmoja wa kutoka Kakamega aliyefanya kazi ya jikoni kwenye hoteli za Diani miaka mingi kabla ya kuja Nairobi kufulia watu nguo. Asubuhi alikaanga mahamri ya nazi na iliki, na ile harufu ilituamsha sote.

Nikiwa darasa la saba, shule ilitoa kiti kimoja cha bure kwa safari ya Mombasa, kiwe cha atakayeandika insha bora. Nikashinda. Mwalimu wa Kiswahili alisoma jina langu kwenye paredi ya asubuhi, na jioni ile nyanya akalikata gauni lake la zambarau anishonee la kuingilia baharini. Siku tatu kabla ya safari, mwalimu akatangaza kiti kimepewa binti wa mwenye ploti yetu. Sote tulijua mwalimu alikuwa amepanga nyumba ya mawe ya mtu huyohuyo, kule Kabiro. Nikauliza kwa nini. Akanitazama kuanzia viatu.

"Na wewe ukienda, utavaa nini?"

Darasa likacheka. Nimesahau majina ya wengi wao, lakini kile kicheko bado nakisikia.

Nyanya alisema alivyozoea kusema, kwamba mnyonge hana haki. Jirani akageuza mahamri yake, akamjibu, "Hana haki, lakini mdomo si anao? Kuja hapa, wewe. Leta daftari."

Siku zote nne basi likiwa Pwani, nilikaa kwenye kigoda chake nikiandika. Alinipa feri ya Likoni, watu wakikimbilia kushuka kabla haijatulia vizuri. Alinipa mchanga wa Diani, laini kama unga wa ngano, unaoutoa masikioni hata wiki ikiisha. Mbega wanaovuka barabara juu kwa juu, kwenye ngazi za kamba walizofungiwa. Pweza anayepigwa mwambani mpaka alainike. Maji yakipwa, alisema, unatembea hadi kwenye miamba, na vidimbwini unakuta kiti cha pweza, kile kiumbe chekundu chenye umbo la nyota. Ukikipindua, kinajigeuza polepole hadi kikae sawa.

"Usiandike bahari ni nzuri," alinikanya. "Andika vile chumvi inakukaukia mgongoni mpaka ngozi inavuta."

Siku ya wazazi, binti wa mwenye ploti alisomea watu insha ya safari. Waliondoka mapema, walifika salama, bahari ni kubwa. Wazazi wakapiga makofi ya adabu. Nikanyoosha mkono, nikamwomba mwalimu mkuu nami nisome. Nilisoma daftari zima. Hata watoto wadogo waliacha kukimbizana, na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini akawa anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo.

"Wewe ulipenda nini zaidi huko?" mwalimu mkuu akaniuliza.

"Sikuenda, mwalimu. Nilishinda kiti, kikapewa mwingine."

"Nani alikipeana?"

Nikamnyooshea kidole. Taratibu, ili kila mzazi apate nafasi ya kugeuka. Mwalimu wa Kiswahili akainama kuangalia viatu vyake mwenyewe, na muhula uliofuata hakuonekana tena shuleni kwetu. Nilifurahi, sitakudanganya. Furaha ile ilinishibisha mwaka mzima. Binti wa mwenye ploti alilia siku hiyo, na hata hilo nililifurahia, ingawa kiti hakukiomba yeye.

Lakini mwenye ploti naye alikuwa na kisasi chake. Aliuliza nani alinifundisha, akaambiwa. Mwezi haukuisha, jirani akapewa notisi ya kuhama. Nyanya alimsaidia kubeba sufuria mpaka barabarani. Nilimtembelea mara moja Gatwekera, Kibera, kwenye chumba cha udongo kisicho na mahali pa kukaangia. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Alilia, yule mwalimu?"

"Alikaribia."

Akacheka mpaka akajishika mbavu.

Siku hizi pale kwenye ploti pana jumba la ghorofa tano, na mfereji uko ndani ya kila nyumba. Nyanya hayupo. Diani nimefika, nikakipindua kiti cha pweza nikangoja kijigeuze. Mahamri ya hoteli niliyaonja nikayaacha. Watu wa kanisani huniambia nimsamehe mwalimu, nipumue. Kama ingekuwa ni lile neno la nguo tu, labda ningeweza. Lakini jirani alifukuzwa kwa sababu ya kiti kile, akafia Gatwekera, bahari hakuiona tena, na msamaha wake si wangu kuutoa.